Masizi ya Yerusalemu

Mwalimu Ezéchiel alikuwa mpole kama maji ya mtungini, ila uguse ile taa. Hapo, ndugu zangu, ungemtambua. Ilikuwa taa ndogo ya udongo, inaenea kiganjani, yenye tundu juu la kutilia mafuta na mdomo mbele wa utambi. Padri mzee aliyeinunua Yerusalemu alimwachia alipokuwa akirudi kwao Ulaya, akamwonya asiioshe kamwe, kwa ajili ya masizi yaliyoganda mdomoni. Kila mwaka Ezéchiel aliwaonyesha wanafunzi wake wa dini masizi hayo. Huu ni moshi wa siku za Yesu, aliwaambia, ila hakuna ajuaye taa iliangaza nyumba ya nani. Mtoto akinyoosha kidole, alitupiwa jicho moja tu na kidole kikarudi chenyewe.

Bon. Mwezi wa sita mwaka elfu mbili, majeshi mawili ya kigeni yakaja kugombania Kisangani yetu, kana kwamba sisi wenyewe hatumo. Mabomu yalipoanza kuanguka, Ezéchiel na mkewe Katungu walikimbilia depo, yaani ghala, ya shangazi yake Ezéchiel, Kavugho, mfanyabiashara kutoka Butembo, pale mtaa wa Makiso. Kuta zake zilikuwa nene. Majirani nao walijibana humo, pamoja na Mama Georgette, mwanamke mzima wa Maniema. Ezéchiel akafanya kama wafanyabiashara wa kwao Butembo: alizamisha taa katikati ya gunia la madesu, yaani maharagwe, yaliyoliwa na wadudu, maana askari mwizi akiona wadudu anapita zake. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Kisha Chancelle, binti yao mdogo, akashikwa na kuhara. Kijiko alikisukuma, kikombe kilimpalia, na macho yakaanza kuzama. Asubuhi milio ilipopoa kidogo, Ezéchiel alitoka kutafuta serumu ya kumrudishia mtoto maji mwilini kwenye kituo cha afya. Hajafika, mabomu yakaanza tena, akalala chini ya meza ya saruji sokoni hadi alasiri. Huko alimwomba Mungu kwa sauti, bila haya. Chukua nyumba, chukua vitabu, niachie mtoto. Taa hakuitaja. Mtu huyu jamani!

Alirudi mikono mitupu. Alipofika mlangoni hakusikia kilio wala sauti ya mtoto, akausukuma mlango kwa bega.

Ndani, njaa ilikuwa imewashinda watu, na shangazi Kavugho alikuwa amefungua lile gunia la wadudu apike. Mama Georgette alikuwa ameketi chini, amempakata Chancelle, akimdondoshea maji ya sukari na chumvi kutoka mdomo wa taa. Mtoto alikuwa anameza. Taa yenyewe ilikuwa imesuguliwa kwa majivu, nyekundu, safi.

Mama Georgette alieleza kwamba bibi yake huko Kasongo alikuwa na kachungu ka udongo ka namna hiyo, ka kunyweshea watoto wagonjwa. Alipokaona kametoka kwenye madesu, alijua mwenye kukaficha anakathamini. Tena kalikuwa kachafu sana mdomoni, kwa hiyo alikasugua vizuri na kukachemsha.

"Iko ya nani, papa?" akauliza.

Ezéchiel alifungua mdomo amkaripie kwa hasira. Miaka yote ile ya kulinda masizi! Ndipo Chancelle akaushika mdomo wa taa kwa vidole vyake, akauvuta, akitaka tena.

"Iko ya mutoto," alisema mwalimu. "Mumupe ingine. Aksanti, mama. Aksanti sana." Akapiga magoti juu ya madesu yaliyomwagika, akalia machozi ya furaha mbele ya watu wote.

Vita ilipokwisha, taa ilirudi shuleni. Arsène, mwanafunzi wa benchi la mbele, akaikodolea macho, akauliza masizi yamekwenda wapi. Ezéchiel akajibu kwamba yameoshwa, na kwamba anamshukuru aliyeyaosha.

"Kule Yerusalemu, hatujui iliangaza nyumba ya nani," akasema. "Hapa Kisangani, iliangaza yangu."

Kisha akaiweka mikononi mwa Arsène, akamwambia aishike, halafu ampe mwenzake.