Verna Hakuhamia Arizona

Verna alifariki Jumanne. Alhamisi asubuhi Dakta Whitcomb akatuita wahudumu wote jikoni. Katoka chuo kikuu kuja kutafiti furaha ya wazee tunaowatunza katika makao haya ya Duluth. Kila mzee kamvalisha ukanda mkononi wa kupima mapigo ya moyo na usingizi.

"Wakiambiwa rafiki kafa, hulala vibaya wiki tatu," akasema, akituonyesha michoro. "Wakiambiwa kahamia kwa bintiye Arizona, hawatikisiki. Kwa hiyo lililo jema limeshapimwa. Ardis akimuulizia Verna, jibu ni Arizona."

"Dakta," nikamwambia, "siku mama yako akituacha, nikupigie nikwambie yuko Arizona? Utalala kama mtoto."

Wenzangu wakageukia masufuria.

"Hizo ni hisia, Duane. Mimi nina takwimu za watu mia nne."

"Nazikubali zote. Zinasema ukweli utamuuma. Hazisemi nani kakupa ruhusa ya kumnyima."

"Atakayemwambia atafute kazi nyingine."

"Nimefukuzwa sehemu nzuri kuliko hii. Jela tu ndiyo iliyonibembeleza nibaki."

Nikabeba kahawa hadi chumbani kwa Bi Ardis, miaka themanini na minane, akili kama wembe. Karata zilikuwa zimeshachanganywa. Kila Alhamisi, miaka kumi na mmoja, yeye na Verna walicheza huku wakitukanana.

"Yuko wapi huyo? Ananikimbia kwa kuwa nilimfunga wiki iliyopita?"

Nikakaa kwenye kiti cha Verna. "Bi Ardis, Verna amefariki. Juzi, usingizini. Anazikwa kesho saa tano, kanisani kwenu."

Alikata karata, akazitazama, akaziweka chini. Halafu ndipo akalia. Ukanda ukawaka taa nyekundu, na haikupita dakika Whitcomb akawa mlangoni akisoma mapigo kwenye tableti yake.

"Mia moja thelathini na mbili. Haya ni madhara, Duane, naweza kuyathibitisha. Ungemwambia kahamia Arizona, sasa hivi angekuwa anakunywa kahawa."

Bi Ardis akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Kijana, nimefiwa na Verna. Ulitaka moyo wangu upige vipi?" Akauvua ukanda, akamkabidhi. "Na Harold wa chumba cha tisa, mliyeniambia yuko kwa bintiye?"

Dakta akaiangalia tableti. "Naye amefariki," nikamjibu mimi.

"Duane," akasema Bi Ardis, "niletee kiti cha magurudumu. Tunaanzia chumba cha kwanza, kila mmoja aambiwe nani kafa."

Nikakileta.