Kushughulikiwa

Siku moja kabla ya uchaguzi, vijana watatu wa mwenyekiti wa mtaa waliingia kwa Mama Pindo bila hodi. Fundi huyo wa cherehani alikuwa akipinda gauni la bibi harusi, pini zimemjaa mdomoni. Mtaa mzima ulijua kwamba kesho atakaa kwenye kituo cha kura akiwa wakala wa mgombea wa upinzani, ashuhudie kura zikihesabiwa. Uchaguzi uliopita kituo hicho hakikuwa na wakala, na mwenyekiti akapata kura nyingi kuliko wapiga kura.

"Hata marehemu mume wangu alimpigia," Mama Pindo alipenda kusema, "na alivyokuwa hampendi!"

Mkubwa wa vijana hao aliitwa Kifua, kwa kuwa kilimtangulia kila alikokwenda.

"Bi mkubwa," alisema, "ukikanyaga kituoni kesho, tutakushughulikia."

Maana ya neno hilo haikuhitaji mkalimani. Aliyeshughulikiwa mara ya mwisho, mwalimu wa shule ya jirani, mpaka leo anachechemea. Mama Pindo aliogopa, tena sana; nusura ameze pini. Ila ulimi wake haujawahi kuomba ruhusa kwa woga.

"Mtanishughulikia?" Akazitema pini kiganjani. "Mungu awazidishie, wanangu! Nimeomba kushughulikiwa mpaka nimechoka. Anzeni na hilo paa, linavuja."

"Hujanielewa..."

"Nimekuelewa, baba. Jirani wee! Njoo, mwenyekiti kaleta watu wa kutushughulikia!"

Muuza mkaa alifika na mikono yake myeusi, akamtazama Kifua, akamtazama Mama Pindo, na hakusubiri kuelezwa. Akauliza kama watashughulikia na bomba, maana halijatoa tone tangu kampeni zilizopita. Mwingine akaja na habari za mtaro. Punde si punde mlango ukajaa watu, wote wakishukuru. Kifua alikunja uso, lakini utamtishaje mtu aliyekushika mkono anakuombea dua? Mwenzake mmoja alicheka, kisha akajitia kukohoa. Wakatoka.

"Mama, usiende kesho," bintiye alimwambia watu walipotawanyika. "Wale hawatanii."

"Najua hawatanii. Ndiyo maana natania mimi."

Alfajiri walikuta kufuli la chumba cha kazi limevunjwa na cherehani haipo. Gauni la bibi harusi lilikuwa sakafuni, limekanyagwakanyagwa. Mama Pindo aliketi palepale akalia, na safari hii hakuwa na utani wowote. Mashine ile ndiyo iliyowalisha tangu afiwe na mumewe, na hakujua kesho watakula nini. Alipomaliza kulia akanawa uso, akafunga kilemba, akashika njia.

Kifua alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo.

"Nilikwambia," alinong'ona.

"Uliniambia, mwanangu, na umetimiza. Katika chama chenu kizima, wewe ndiye wa kwanza kutimiza ahadi."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Kifua akatazama chini.

"Tena mmenirahisishia kazi," Mama Pindo akaendelea. "Nilitaka niwahi kurudi, nimalize gauni la watu. Sasa sina cherehani, sina haraka. Nitakaa humu mpaka kura ya mwisho ihesabiwe."

Akampita, akavuta kiti mpaka karibu kabisa na sanduku la kura, akaketi.