Hamira Iliyofundishwa Kazi

...au labda hakusikia vizuri, labda mtangazaji amesema kitu kingine na masikio yake yamejisikilizia yanayotaka, maana mikono imezama kwenye karai la unga mpaka karibu na viwiko, mashine ya kukandia imeungua mota tangu juzi na wanunuzi wa mikate ya jioni hawajui habari za mota, na redio iko kule juu kwenye rafu ya makopo, imegandwa na unga hadi hakuna anayekumbuka rangi yake, na fundi wa tanuri, ambaye bekari nzima inamwita Moshi, anaburuta trei sakafuni kwa kishindo kama mtu anayehama nyumba, "Moshi, tulia kidogo nisikie," na Moshi anacheka, "Dada, ni kiwanda chako tena? Wenzako wanafuatilia mpira, wewe unafuatilia matangi," na ni kweli, tangu walipotangaza kwamba kwenye majengo ya zamani ya sabuni, ng'ambo ya reli, kutajengwa kiwanda cha kutengeneza insulini, dawa ya wenye sukari, hapahapa, amekuwa akizifuata habari zake kama mtu anayefuata mimba ya ndugu yake, leo imefikia wapi, inasumbua, haisumbui, alikuwepo barabarani siku matangi yalipopita juu ya malori yamefungwa turubai na watu wakabishana kama ni ya maziwa au ya bia, alisikia mkupuo wa kwanza wa dawa ulivyoharibika ukamwagwa wote na siku hiyo chakula hakikumpita kooni, alisikia kibali kilivyochelewa, kilivyokuja, mkurugenzi alivyojiuzulu na mwingine akaletwa, hata mfamasia wa mtaani, ambaye miaka yote wimbo wake ni mmoja, mzigo haujafika mama, mzigo uko bandarini, siku hizi akimwona tu anauliza yeye, "Mama, kiwanda kinasemaje?", kama vile yeye ndiye msemaji wao... na sasa mtangazaji amesema hamira, amelisikia vizuri au hakulisikia, "...hamira, mtaalamu? Hii ya mkate?", na sauti ya mwanamke inajibu kwa utulivu, sauti ya mtu anayeongea na jirani ukutani, "Ndiyo, hii ya mkate, au tuseme ndugu yake wa tumbo moja," na mikono yake inasimama ndani ya unga.

Inasimama tu, yenyewe. "Dada, vipi, umechoka?" anauliza Moshi, "Nikusaidie?" na yeye anasema hapana, anaanza tena kukanda, sukuma, kunja, geuza, sukuma, lakini polepole, kama mtu aliyegundua kwamba kitanda anachokikalia kina mtu amelala... na asubuhi ya leo inamrudia bila kuitwa, binti yake mlangoni, mkoba begani, kile kioo kidogo cha kukuzia cha mafundi simu kinaning'inia shingoni, maana ni fundi simu, vidole vyake vinashika skrubu ambazo mama yake hata kuziona haoni, "Mama, wamenichukua," "Akina nani wamekuchukua?" "Wale wa kiwanda. Wanatafuta watu wenye sukari waijaribu dawa yao kabla haijaingia madukani. Nilijiandikisha, nikapimwa, wamenikubali. Naanza Jumatatu," na yeye, yeye mwenye matangi, yeye msemaji wa kiwanda, akageukia jiko akasema, "Chai itapoa," basi, hilo ndilo neno lililomtoka, chai itapoa, na mtoto akasimama pale, akasema taratibu kama anayemweleza mteja mkali, "Mama, si sumu. Wameshaijaribu kwa wengine wazima. Daktari atakuwepo, watanipima mchana kutwa, na ile ninayotumia sasa itakuwa pembeni. Nilidhani utafurahi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzipenda hizi habari," na yeye akajifanya anatafuta sukari ilhali mtu wa kutiwa sukari nyumba ile hayupo, akasikia, "Nataka unibariki tu, mama, si lazima useme sana," na kisha mlango, na viatu kwenye ngazi, viatu vile anavijua kuliko mapigo ya moyo wake... kiwanda alikitaka, hilo Mungu anajua, alikitaka kwa roho yote, lakini wa kwanza awe mtoto wa mwenzake, wa pili pia, wa kwake aje nyuma kabisa, dawa ikiwa imezoeleka, imechosha, haina hata habari redioni... aibu gani hii, na bado ndivyo alivyo, angefanyaje.

"...sasa mtueleze sisi wa kawaida," anasema mtangazaji, "hamira inajuaje kutengeneza dawa ya binadamu?" na Moshi naye palepale, "Dada, mchinja nyama yule amenipigia anataka mikate mirefu—" "Baadaye, Moshi!" "—mirefu, si ya duara," "Moshi, nakuomba kama ndugu yangu!" na Moshi anajifuta jasho kwa mkono wa shati, anakuja kusimama karibu na rafu, labda ameshtuka kufokewa, maana dada huyu si kawaida yake kufoka, na mwanamke wa redioni anaendelea, "Ndani ya mwili wa kila mtu kuna maelekezo, mwili uyasome utengeneze insulini. Tulichofanya ni kuyanakili maelekezo hayo na kuyaingiza ndani ya hamira. Tukaipa joto, tukaipa chakula, tukasubiri. Hamira ikayasoma. Ikaelewa, ikaanza kazi." "Ikaelewa?" "Ikaelewa. Hatukuhitaji kuitafsiria. Sisi na hamira, na majani, na samaki, maelekezo yetu yote yameandikwa kwa lugha moja," na mtangazaji, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno hata kwenye matangazo ya vifo, anakohoa tu kwenye kipaza sauti, na Moshi ananong'ona, "Lo."

Lugha moja... anatazama chini, donge limelala kwenye karai, jeupe, nyororo, lina joto kama tumbo la mtoto aliyetoka kulala, na pale anapolibonyeza linarudi juu taratibu, amelibonyeza hivi tangu usichana wake na siku zote alijua lina uhai, alisema hivyo kwa vijana wanaokuja kujifunza, lisikilizeni, lina uhai, lakini alikuwa akisema tu, kama mtu anavyosema jua limechoka, na kumbe mle ndani, kwenye konzi hii moja, kuna umati unaozidi watu wa mji huu na miji yote aliyowahi kusikia habari zake, wanakula, wanapumua, wanazaana kati ya vidole vyake, na hakuna hata mmoja anayepiga kelele, na wakipewa barua ya mwanawe wataisoma, Mungu wangu, wataisoma, watajua inasema nini, vidudu hivi visivyo na macho, hivi anavyovichoma kila siku kwenye tanuri, vitaelewa kile ambacho mwili wa binti yake ulikisahau akiwa na miaka saba, siku ile alipokunywa maji jagi zima, akarudi akaomba jingine, akarudi tena, na midomo bado mikavu, na yeye mama akamwinamia kumbusu akanusa pumzi yake, harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na akamnyanyua kabla kichwa hakijajua kwa nini...

maana harufu ile aliijua, oh aliijua, ilikuwa harufu ya chumba cha nyuma, nyumbani kwao, kitanda cha kamba chini ya dirisha, kaka yake amelala, kaka aliyempita kidogo tu kwa umri na akampita sana kwa utundu, aliyekuwa akipanda mapaa ya watu kufuata mpira, amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa, "Nipe maji," anampelekea, "Nipe tena," anampelekea, mikono yake midogo imechoka kubeba kikombe, na mama yao anasema ni homa itapita, na baba anasema kesho tutatafuta usafiri, na kesho ikafika ila kaka hakuifikia... na baada ya mazishi mama akasema jina lake lisitajwe, hakusema kwa ukali, alisema kwa kuomba, likitajwa nitavunjika, basi halikutajwa, likazoea kutotajwa, na mwanawe alipougua, pumzi ikitoa harufu ileile, alimbeba mgongoni akakimbia hospitali, akamwahi, na hajawahi kumwambia yule mtoto kwamba alikuwa na mjomba, alihofia neno lenyewe lingemwonyesha mtoto njia ya kumfuata... na juu ya kitanda kile cha kamba kulikuwa na ubao, na juu ya ubao makopo ya mama yao, chumvi, majani ya chai, na kopo la hamira, analiona kabisa, kopo la bati lenye mfuniko uliobonyea, walikuwepo, walikuwepo chumba kilekile, wamelala usingizi mkavu umbali wa mkono mmoja juu ya uso wa kaka, mamilioni kwa mamilioni, wanaojua kusoma, na mtoto anakufa chini yao kwa kukosa ukurasa mmoja.

Anangoja hasira ije. Anaijua njia inayopitia, kifuani kisha kooni, na anashangaa haiji, kinakuja kitu kingine, kikubwa, hakina haraka, kinamjaa kama unavyojaa unga kwenye bakuli usipoutazama, ni kwamba hakuna aliyewanyima, hamira haikumnyima kaka yake, mama hakumnyima, ni kwamba hakuna mtu nyumbani mle aliyejua kuwa inaombeka, na mahali fulani watu walikaa, wakainamisha vichwa, wakawaza jambo ambalo mtu akilisema sokoni atapelekwa kuombewa, hebu tumwombe huyu mdogo kabisa atusaidie, wakamwomba, akakubali, na sasa wapo wengine kama wale ng'ambo ya reli, mtu unaweza kwenda kwa miguu, kuna mwanamke mwenye sauti ya jirani ambaye saa hizi labda amesimama mbele ya tangi lake kama yeye alivyosimama mbele ya karai lake, anasubiri kuumuke, ana wasiwasi wa joto, ana wasiwasi wa maji, na mkupuo ule ulioharibika, ule aliokosa chakula kwa ajili yake, yule mwanamke naye siku hiyo hakula... na binti yake, fundi wa vitu visivyoonekana, ameliona hili mapema kuliko yeye, hakwenda kule kama mtu anayerushwa mbele ajaribiwe, amekwenda kama mtu anayeitwa kwao, na aliyebaki mlangoni akihesabu hatari ni yeye, mwenye kitu chenyewe kwenye kucha tangu ujana wake.

"Dada, unalia," anasema Moshi, kwa sauti ya chini ambayo hakujua kama anayo. "Ni unga umeingia." "Machoni mote mawili?" na anacheka, machozi na kicheko vikigombea mlango mmoja, "Moshi, futa mikono, toa simu mfukoni mwa aproni yangu, mpigie mwanangu," "Sasa hivi?" "Sasa hivi, unishikie sikioni, mimi siwezi kuitoa mikono humu," na Moshi anaitoa simu kwa vidole viwili kama anayeshika yai, anabonyeza, anaiweka sikioni pake na yeye mwenyewe anageuza uso pembeni kwa heshima, redio imeshahamia bei za mazao, inaita, inaita, "Mama? Kuna nini? Umeumia?" "Sijaumia," na maneno aliyoyapanga yanamkimbia, yote, yale ya baraka na yale ya kuomba radhi, "Jumatatu ni saa ngapi?" na kule kwa fundi simu kibisibisi kinaanguka mezani, "Saa mbili asubuhi... kwa nini, mama?" "Tutakwenda wote. Nataka kuyaona hayo matangi kwa macho yangu. Na wewe nakubariki, nilipaswa kusema asubuhi, nakubariki mara nyingi," "Mama..." "Ngoja, sijamaliza. Njiani nitakusimulia habari za mjomba wako," na mtoto, sauti yake ikiwa imejaa, imeshuka, haijui icheke au ilie, anauliza, "Mjomba gani?" na yeye anavuta pumzi, unga unapumua chini ya viganja vyake, bado mbichi, bado unahitaji kukandwa sana, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni anafungua kinywa na kulitaja jina la kaka yake kwa sauti, lote, la kwake na la baba yao.