Sauti ya Nne

Siku ya gulio la Bugene, mwaka 1953, Egbert aliegesha gari karibu na wauza ndizi, akatoa mashine ya kunasia sauti na kuifuta vumbi kwa mkono wa shati. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mtumishi wa kampuni ya santuri ya Kampala. Alitaka kumnasa Kokugonza akiimba mbele ya watu, maana wanunuzi walipenda kusikia na vigelegele.

Kokugonza alitunga nyimbo zake mwenyewe. Waliomwitikia walikuwa Protase, mpiga enanga, kinanda cha nyuzi cha kwao, na ndugu zake wawili wa ngoma na filimbi. Waliimba, kisha Egbert akarudisha ukanda wausikilize. Walioitikia walikuwa watatu. Kwenye ukanda walisikika wanne.

"Huyu mwingine ni nani?"

"Mume wangu, Byabato," alisema Kokugonza. "Siku zote huwahi kuingia."

"Mwambie asimame mbali kidogo. Anawafunika wenzake."

"Nitamwambiaje? Alichukuliwa kwa lazima kwenye kazi ya shokoa, kuchimba barabara ya Kiruruma, hakurudi. Rwegoshora, mkungu anayetutawala, alisema ametoroka, ameoa Buganda."

Maneno hayo ya mkungu yalikuwa yamemfanya Kokugonza achekwe kisimani, na Auleria, mama yake Byabato, akaacha kwenda kanisani kwa aibu.

Kisha huko Omurushaka walipiga mbele ya maduka. Safari hii, ukanda ulipochezwa, Byabato alikuwa ameongeza ubeti wake. Aliimba kwamba ukingo wa udongo ulimporomokea, kwamba wenzake walishika majembe wamfukue, na Rwegoshora akawaamuru wasawazishe tu, barabara inangojewa. Wakati huo, aliimba, alikuwa bado anawaita.

Protase aliomba wasikilize tena. Alisema sauti imekaa vizuri na enanga.

Basi wakaenda Kiruruma, Auleria akiwa amebeba jembe, na shuka la gome la mti la kumzikia mwanawe. Waliimba pale palipokatwa kilima. Mkungu alikuja na askari wawili, akaletewa kiti, akausikiliza ukanda mpaka mwisho. Byabato aliimba kwa uwazi kuliko popote. Alisema wamesimama juu ya kifua chake.

"Ni yeye," alisema Rwegoshora. "Sauti yake naijua."

"Basi tunamtaka mtu wetu, mkungu," alisema Auleria. "Tukamzike kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya baba yake."

"Mama, mbona ameshazikwa?"

"Amezikwa na nani? Nani alimlilia?"

"Barabara hii ni ya Serikali. Kuichimba ni kosa."

Auleria aliinua jembe, akapiga mara moja. Askari wakamnyang'anya, bila kumsukuma, wakamketisha kando ya barabara. Lori la kahawa lilikuwa linasubiri kupita. Likapita.

Kokugonza alimshika Egbert mkono. "Baba, ukanda huo upeleke kwa wakubwa Bukoba."

"Nitautia kwenye santuri," alisema Egbert. "Wote watasikia, na wakubwa pia."

Hakudanganya. Santuri ilitoka, ikasikika Bukoba na Mwanza, na iliyosifiwa zaidi ilikuwa sauti ya nne. Watu waliujua ubeti wa Byabato kwa moyo, na jina la Rwegoshora ndani yake. Karani mmoja wa bomani alisema ni wimbo wa huzuni nzuri. Hakuna aliyekuja na jembe. Auleria alikufa kabla ya masika. Shuka alilomwandalia mwanawe ndilo alilozikiwa yeye.

Rwegoshora alipomwoza binti yake, alituma watu wamwite Kokugonza aje kutumbuiza. Kumkataa mkungu kulikuwa ni kumtia Protase na nduguze kwenye shokoa, kwa hiyo alikwenda. Ilipofika zamu ya Byabato alinyamaza, amwachie nafasi. Bila mashine hakusikika. Wageni wakauimba wao ubeti ule, mzima, majembe na udongo na kuita kwake, wakipiga makofi, na aliyeongoza alikuwa mkungu mwenyewe, macho kayafumba, hakukosea hata neno.