Maneno ya Jiwe la Mlinzi

Fundi wa mawe ya makaburi alikuwa na sheria yake: maneno yanaandikwa kwanza kwa chaki, ndugu wanayasoma, wakikubaliana ndipo patasi inagusa jiwe. Sheria hiyo ilikuwa imemwepusha na balaa nyingi. Leo ilikuwa inamtoa jasho.

Mjane alitaka "Amelala mpaka parapanda". Wifi yake, dada wa marehemu, mwanakwaya mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alitaka "Yuko na Bwana". Fundi alikuwa ameshafuta mara nne, na sasa jiweni palisomeka maneno ya wifi.

"Kaka yangu hajalala popote," alisema wifi. "Yule mwizi msalabani aliambiwa leo hii. Hakuambiwa asubiri."

"Na Lazaro je? Yesu mwenyewe alisema amelala," mjane akajibu.

"Akamwamsha siku ya nne. Wewe wako utamlaza mpaka lini?"

Fundi akainama, akajifanya anapuliza vumbi, maana kicheko kilishamfika kooni. Kisha akajitia kimbelembele, akamgeukia mjane. "Lakini mama, huko kwa Bwana si ndiko kuzuri zaidi?"

"Kuzuri, sikatai. Ila huyu anataka mtu afike tu, avikwe joho, asimamishwe kwenye kwaya. Mume wangu miaka thelathini mlinzi wa usiku, na sauti yenyewe kama ya chura."

"Hapo kwenye sauti sibishi," wifi akakiri, akicheka.

Mjane hakucheka. Alikuwa akiitazama chaki.

"Siku ile alitoka zamu alfajiri," alisema. "Hata saa moja hajalala, nikamwamsha apande kuziba paa. Wifi, lilikuwa linavuja tone moja tu. Lingengoja."

Wifi alijua kaka yake alianguka kutoka juu ya paa. Nani aliyemwamsha, hakuwahi kuambiwa.

"Nikifikiria yuko macho tena, amesimama, roho inaniuma," mjane aliendelea. "Nataka alale. Safari hii amwamshe Mungu mwenyewe, si mimi."

Fundi aliogopa hata kukohoa. Wifi akachukua kitambaa, akafuta mwenyewe "Yuko na Bwana", akaja kumshika mjane mkono kwa vidole vyenye vumbi la chaki.

"Fundi, andika amelala."

Fundi akaandika, wakasoma wote wawili, akainua nyundo.

"Na hiyo nyundo," wifi akaongeza, machozi yakimtoka, "piga polepole. Mwenzio katoka zamu."