Ukuta Uliojinyoosha

Ko. Ko. Kwaa.

Fundi alikuwa nyuma ya stoo akichota maji. Hakuona kitu, lakini sikio lilimwambia yote. Ko ni tofali lililokaa. Kwaa ni tofali lililokalia hewa. Ndoo haijajaa, alikuwa amekwisha kusikia kwaa nne.

Alipozunguka kona akawakuta wageni wake, wanafunzi kumi na wawili wa sekondari kutoka nchi jirani, waliokuja kujitolea wiki moja kujenga darasa. Wamejipaka saruji hadi masikioni, wanaimba, wanapigana picha. Ukuta wao ulikuwa umetoa kitambi.

"Fundi, tunaendeleaje?" aliuliza msichana mrefu, yule ambaye fundi alimbandika jina la Swali kwa kuwa tangu ashuke kwenye basi hajafunga mdomo.

"Mnaendelea," fundi alijibu. Hakusema wanaendelea wapi.

Ulimi wake ulifungwa na shangazi yake, mwalimu mkuu wa shule hiyo. Siku ya kwanza tu alimvuta pembeni. "Hawa ni watoto wa watu, wamekuja kwa moyo safi. Usiwakatishe tamaa. Wakienda kula, wewe nyoosha kimyakimya."

"Shangazi, huo ni uongo wa mchana kweupe."

"Ni ukarimu. Na mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, kwa hiyo maneno usinifundishe."

Fundi alikubali kwa sababu moja. Binti yake angeanza darasa la kwanza katika chumba hichohicho, na hakuwa tayari kumketisha chini ya ukuta wenye kitambi. Lakini uongo nao ulimchosha. Siku tatu mfululizo, kengele ya chakula ikilia, wageni waliingia bwaloni, naye akabomoa na kupanga upya huku tumbo likimnguruma. Wakirudi wanakuta ukuta umesimama wima, wanapongezana.

"Saruji ya huku inajinyoosha yenyewe," alisema mmoja wao. Fundi akajifanya anakohoa.

Siku ya nne Swali alirudi kuchukua kofia aliyoisahau. Akamkuta fundi na nyundo mkononi, matofali yao yametapakaa chini.

"Kumbe saruji yenyewe ni wewe," alisema.

Fundi akakosa pa kuificha nyundo.

"Siku tatu, fundi. Nimempigia baba simu, nimemwambia najenga. Ametangaza mtaa mzima. Kumbe mimi najenga, wewe unabomoa."

"Nilitumwa."

"Na mdomo nao ulitumwa unyamaze?"

Fundi akaokota tofali kavu, akalimwagia maji. Maji yakapotea papo hapo.

"Umeona? Lina kiu. Ukilipanga kavu linanyonya maji yote ya saruji, unabaki unga. Halafu viungo vyenu, hii saruji ya katikati ya matofali, vimepandana, juu hadi chini, kama zipu. Mtu akiegemea, zipu inafunguka. Na atakayeegemea ni mwanangu."

Swali akatimka mbio hadi bwaloni, akarudi na wenzake wote, wengine bado wanatafuna. Nyuma yao alikuja shangazi, amekunja uso.

"Nilikwambia nini wewe?"

"Shangazi, nimechoka kuwadanganya. Ukitaka nifukuze, lakini nimechoka."

"Asifukuzwe mtu, mwalimu," Swali aliingilia. "Atufundishe."

"Mnaondoka Jumamosi, mwanangu. Mkianza kufundishwa leo, ukuta utaishia dirishani."

"Uishie. Bora nusu yetu kuliko mzima wa fundi."

Shangazi akaketi juu ya mfuko wa saruji, akavua viatu. "Haya. Na mimi nipeni mwiko. Uongo niliuanzisha mimi."

Ukuta wakaubomoa wenyewe, kwa vigelegele. Siku mbili zilizofuata fundi aliachia ulimi wote aliokuwa ameubana. "Wewe, hiyo ni saruji au unapaka siagi mkate? Loweka kwanza. Shangazi, hilo limelala kama mlevi, litoe." Shangazi akalitoa, wanafunzi wakacheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya maji.

Jumamosi asubuhi basi lilikuwa tayari linaunguruma. Swali aliomba timazi, ule uzi wa kupimia wima wenye chuma cha ncha, akauteremsha taratibu kutoka usawa wa dirisha. Chuma kilishuka vizuri, kikafika safu ya tano, kikagusa. Tofali lake mwenyewe, limetokeza unene wa ukucha.

Swali aliutazama mkono wa fundi.

"Tukipanda basi tu, utaubomoa ukuta wetu."

Fundi alichomoa msumari mfukoni, akakwaruza kiungo kimoja baada ya kingine kupima kama saruji imeshika. Hakikumeguka hata kimoja. Akarudi kwenye safu ya tano, akalipapasa lile tofali kwa kidole gumba.

"Mkono unaniwasha, sikufichi," alisema. Kisha akaurudisha msumari mfukoni. "Sikiliza, Swali. Kosa hili halimwangushi mtu. Mwanangu ataketi hapahapa, mgongo wake kwenye tofali lako. Juu ya dirisha nitamalizia mimi, chini ya dirisha ni kwenu, na sitatoa hata tofali moja. Nakuahidi mbele ya shangazi yangu."