Majani ya Maboga, Chinongwe

...na chumvi nimetia au sijatia, sikumbuki, nimesimama na mwiko mkononi huku sikio liko barazani, Ausi anakohoa, kaka yake marehemu mke wangu, amefika umande haujakauka, mtu wa maneno machache na leo anayo mengi, "Shemeji Adinani, arobaini imepita," anasema, nami najibu kutoka huku jikoni, ndiyo shemeji, imepita, moshi unaniingia machoni na naushukuru, maana mwanamume akifuta macho jikoni hakuna wa kumwuliza ana nini... arobaini ilipita Ijumaa, Biasha amelala katika udongo wa kwao, homa ya siku nne tu, na mvua haikumngojea mtu, mahindi mabichi yanavunjwa, kunde changa, matango yamejaa kwenye matuta, maboga yametambaa hadi mlangoni, mama mkwe kaleta ungo mzima wa majani kaniwekea hapo akarudi shamba, na wa kuyapika ni mimi, mimi niliyepikia watu mia nne kambini Nachingwea, mwaka wa arobaini na nane, wazungu walipoleta matrekta kulima karanga mpaka macho yachoke kutazama, ugali kwenye mapipa, tunausonga na mti mrefu kama mpini wa jembe, na maharage, kila siku maharage, sikuonja jani bichi hata moja mpaka alipotokea msichana na ungo wa matango kando ya barabara ya kambi, nikamwambia mimi ni mpishi, akanitazama juu hadi chini, mpishi gani hana hata harufu ya kitunguu, akacheka, meno yake yale... "Unanisikia, shemeji?" Nakusikia, endelea... na matrekta yaliponyamaza wenzangu wakarudi makwao, mimi nikamfuata huku Chinongwe, kwa mama yake, miaka sita sasa katika ua huu na kila nikisogelea mafiga Biasha alinifukuza, toka wewe mpishi wa mapipa, utatia maji ya kuogea tembo, nami natoka nacheka, nakaa barazani kungoja niletewe, laiti ningesimama hapa mlangoni hata mara moja nikatazama mikono yake, sasa karanga nimezitwanga, zinachemka, lakini majani yanaingia lini, na yanafunikwa au hayafunikwi, sijui, miaka sita nimekula na sijui... "mila unaijua," Ausi anasema, "hata kwenu Wayao ni hiyo hiyo, mtoto ni wa upande wa mama, Sofia atakaa na bibi yake, mimi mjomba wake nipo, na wewe bado una nguvu, ukirudi kwenu Tunduru hakuna atakayekulaumu," anasema taratibu, hana ubaya, angekuwa na ubaya ingekuwa rahisi, maana jibu ninalo, nimelibeba siku saba, nimelisema shambani peke yangu mbele ya mahindi, naondoka naye, ni damu yangu, naondoka naye, na kila nilipolisema lilisikika zuri... lakini sasa linakataa kutoka, kwa sababu namwona yule mtu, shemeji yangu wa zamani, baba yake mtoto wa dada yangu, maana dada alipokufa niliyetumwa kwenda kumchukua mtoto ni mimi, kijana wa miaka ishirini, nilisema maneno haya haya ya Ausi, hata hili la hakuna atakayekulaumu nilikuwa nalo, naye hakubisha, alituchomea mihogo tule njiani, akamfunga mtoto kitambaa kichwani kwa ajili ya jua, nikaondoka naona nimefanya kazi ya kiume, sikugeuka, sijui usiku ule alikula nini, sikupata kuuliza mpaka leo... "Baba, hujatoa nyuzi," Sofia, amechuchumaa kando ya ungo, analivunja jani kwenye kikonyo, anauvuta uzi polepole hadi unatoka mzima, anaudondosha, anachukua jingine, vidole vidogo haviharakishi, nani kakufundisha, "Mama," na karanga je, "zitoe povu kwanza, ndiyo majani, halafu usifunike, yanakuwa meusi," na haniangalii, anaongea kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kiko wapi... mgeni, ndiyo, yeye anajua, anajua mto, anajua shamba la bibi yake lina matango mangapi ambayo hayajaiva, nilidhani nimebaki hadi leo kwa sababu mtoto hawezi bila mimi, nilidhani namchukua kwa sababu ni wangu, nimpeleke wapi, mama yangu amekufa, nyumba imeanguka, barua ilisema hivyo hivyo, imeanguka, huyo mtoto wa dada mwenyewe amekwenda migodini kusini, ningempeleka Sofia akasimame katika kiwanja kitupu cha watu asiowajua, ili nini, ili nisitembee peke yangu, basi, ndiyo hiyo tu, nilitaka mtu wa kutembea naye... na mwanamume hubembeleza ukweni siku ya kuposa tu, akishaoa habembelezi tena, nitawaambia nini, nipeni kipande bondeni nilime, nipeni pa kulala, nile chungu kimoja na mwanangu, watacheka, watasema Myao kaganda, mke amekufa na bado kaganda... povu limeanza kupanda, "sasa, baba," nayatia majani, yanalegea, kijani kinakolea, sifuniki, na barazani Ausi amefika mwisho, mkeka unalia chini yake, anangoja, "Shemeji Ausi," nasema nikiangalia chungu, "mtoto simchukui," halafu, kabla sijapata nafasi ya kuogopa, "ila na mimi msinifukuze, sina kwetu kwingine, naomba nikae," sauti imetoka ndogo, hata si yangu, Sofia ameshikilia jani hewani, ananitazama, na huko nje kuku anaparua, kisha Ausi, "Umesemaje, shemeji? Mbali huko, sikusikia, njoo uniambie hapa," na mboga bado haijaiva, moshi ni ule ule, hatua ni tano kutoka hapa hadi barazani, nitalisema tena ombi langu, usoni kwake, yeye hakulisikia lakini mimi nimelisikia, na sikufa...